Acheni kuwaambia watu "ongeza RAM"

Nimekuwa kimya kwa muda, na leo nimerudi na hasira kidogo. Sitazungumzia simu mpya wala toleo jipya la mfumo wowote. Nataka tuzungumzie sentensi moja ambayo sisi tunaoandika programu tumeizoea kama salamu: "Mashine yako ni ndogo, ongeza RAM."

Nianze kwa kujishtaki mwenyewe, ili asije mtu akasema najifanya mtakatifu.

Miaka michache iliyopita niliandikia chama kimoja cha akiba na mikopo programu ya kukokotoa gawio la mwisho wa mwaka. Jina la chama tuliache. Mwaka wa kwanza programu ilimaliza kazi kabla chai haijapoa. Mwaka wa pili ilichukua muda zaidi, lakini hakuna aliyelalamika. Mwaka wa tatu waliiwasha jioni, na asubuhi waliporudi ofisini bado ilikuwa inasaga, taa ya diski inametameta bila kupumzika, na wanachama wameshaanza kupanga foleni nje. Nikapigiwa simu. Bila hata kufika pale, nikatoa dawa: RAM ni ndogo, ongezeni. Wakanunua. Gawio likatoka. Mwaka uliofuata, tatizo lilelile likarudi.

Safari hii nilikwenda mwenyewe. Mweka hazina wao ni mama wa makamo aliyeifanya kazi hiyo tangu enzi za daftari. Alinipa kiti na chai, kisha akaniuliza: "Kijana wangu, kwani wanachama wetu wameongezeka mara ngapi tangu mwaka jana?"

Nikamjibu, "Si wengi, mama."

"Basi nieleze. Mimi hesabu hii nilikuwa naifanya kwa mkono. Nafungua ukurasa wa mtu mmoja, najumlisha, naandika, nafunga. Kisha nafungua wa pili. Meza yangu ni hii hii ndogo unayoiona. Sikuwahi kuomba meza kubwa zaidi."

Jameni, sikuwa na jibu. Nina shahada ya sayansi ya kompyuta, nilifaulu mtihani wa mifumo endeshi, na mama yule alikuwa amenifundisha somo la kumbukumbu kabla sijamaliza kikombe cha chai.

Hoja yangu leo ni hii: mwandishi wa programu asiyejua anwani ni nini, ukurasa ni nini na kache inafanyaje kazi, huwalipisha watu wengine gharama ya ujinga wake. Na mara nyingi wanaolipa ndio wenye uwezo mdogo zaidi. Ili nisibishane na upepo, nitaeleza mambo hayo matatu kwanza, kisha tugombane.

Haya, tuanze na anwani. Kumbukumbu ya kompyuta ni msururu mrefu wa baiti, na kila baiti ina nambari yake. Nambari hiyo ndiyo anwani. Ukiwa na anwani ya biti 32, nambari zote unazoweza kuandika ni 4,294,967,296, yaani gigabaiti 4, basi. Ndiyo maana zamani zile za Windows XP ya biti 32, mtu aliambiwa "ongeza RAM", akatia gigabaiti 4, na mashine ikamwonyesha 3 na kitu. Zilizobaki hazikuibwa na fundi. Sehemu ya anwani zile ilikuwa imeshagawiwa vifaa vingine, kama kadi ya michoro, na RAM iliyobaki haikuwa na nambari ya kuiita. Mteja alilipia kitu ambacho kompyuta yake haikuweza hata kukitaja. Mnaona ugonjwa huu ulianza lini?

Sasa, anwani ambayo programu yako inaitumia si mahali halisi ndani ya RAM. Fikiria sanduku la posta. S.L.P. 40 ya Voi na S.L.P. 40 ya Kisii zina nambari moja, lakini barua zake hazikutani. Na nambari hiyo haisemi unalala nyumba gani. Inayojua ni posta. Kompyuta nayo humpa kila programu mji wake. Programu mbili zinaweza kutumia anwani ileile kwa wakati mmoja, na kila moja ikapata data yake, kwa sababu kila moja ina rejista yake ya kutafsiri anwani ya kubuni kuwa mahali halisi.

Rejista hiyo tunaiita jedwali la kurasa. Haiwezi kuweka rekodi ya kila baiti, maana ingekuwa kubwa kuliko RAM yenyewe. Kwa hiyo kumbukumbu hukatwa vipande vya ukubwa sawa vinavyoitwa kurasa. Tangu Intel walipotoa prosesa ya 386 mwaka 1985, ukurasa wa kawaida kwenye kompyuta za aina hiyo ni baiti 4,096, yaani kilobaiti 4. Biti 12 za mwisho za anwani zinasema uko wapi ndani ya ukurasa. Zile za juu zinasema ni ukurasa upi. Kwenye prosesa za biti 64 za AMD zilizoanza kuuzwa mwaka 2003, na za Intel zilizofuata mpango huohuo, anwani ya kubuni hutumia biti 48: 12 za ndani ya ukurasa, na 36 zilizobaki hugawanywa mara nne, biti 9 kila fungu. Kila fungu linaelekeza kwenye jedwali lenye nafasi 512 za baiti 8. Zidisha: 512 mara 8 ni 4,096. Jedwali lenyewe linatosha ukurasa mmoja kamili. Kazi safi kabisa.

Lakini hesabu gharama yake. Kusoma nambari moja tu kwenye RAM, prosesa inaweza kulazimika kwanza kusoma majedwali manne. Ingefanya hivyo kila mara, tungekuwa bado tunasubiri kompyuta iwake. Kwa hiyo prosesa ina daftari dogo la kukumbuka tafsiri za karibuni, linaloitwa TLB. Kwenye prosesa za Intel za kizazi cha Skylake, mwaka 2015, daftari la kwanza la data lina nafasi 64 za kurasa za kilobaiti 4, na la pili lina nafasi 1,536. Piga hesabu: 64 mara kilobaiti 4 ni kilobaiti 256. Hilo ndilo eneo ambalo prosesa inalijua kwa kichwa bila kuuliza mtu.

Na ukurasa ukiwa haupo kwenye RAM? Prosesa husimamisha programu na kuuita mfumo endeshi, mfumo unautoa ukurasa mwingine nje kupisha nafasi, unauleta ule unaotakiwa kutoka diski, kisha programu inaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Wazo hili si geni. Kompyuta ya Atlas ya Manchester, Uingereza, ilikuwa nalo mwaka 1962. Ilikuwa na kumbukumbu kuu ya maneno 16,384, ikikatwa kurasa za maneno 512. Kurasa 32 tu! Nyingine zilikaa kwenye ngoma ya sumaku, na mashine ilizihamisha yenyewe. Wenzetu wale walifanya kazi ya maana kwa kurasa 32, sisi gigabaiti 8 hazitutoshi kufungua fomu ya kujaza jina na nambari ya simu :-)

Tatu ni kache. Hapa mfano wangu ni sukari. Kuna ile iliyo kwenye kopo mezani, iliyo kwenye kabati la jikoni, iliyo dukani kwa jirani, na iliyo kiwandani. Prosesa nayo ina kache ya kwanza iliyo karibu sana, inayojibu kwa takriban nanosekunde moja. Ya pili na ya tatu ziko mbali kidogo na ni kubwa zaidi. RAM yenyewe hujibu kwa nanosekunde zinazokaribia 100. SSD ni makumi ya maikrosekunde hadi mia hivi, na diski ya kuzunguka ni kama milisekunde 10. Kutoka nanosekunde 100 hadi milisekunde 10 ni mara 100,000. Kama RAM ingekuwa safari ya dakika moja kwenda duka la jirani, diski ingekuwa safari ya zaidi ya siku 69. Kwa ajili ya kijiko kimoja cha sukari.

Na tena, kwenye kompyuta hakuna "ya kupima". Mtaani unaweza kuambiwa unga wa shilingi ishirini na mafuta ya shilingi kumi. Kache haikubali biashara hiyo. Ukiomba baiti moja, unaletewa pakiti nzima ya baiti 64, ambayo tunaiita mstari wa kache. Ukitumia zote 64, umefanya biashara nzuri. Ukitumia 4 na kutupa 60, hasara ni yako, lakini usafiri wa baiti 64 umeshalipiwa.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba pakiti hiyo haiwekwi popote inapotaka. Chukua kache ya kwanza ya kilobaiti 32 iliyokuwa kwenye prosesa nyingi za Intel kwa miaka mingi. Ina mistari 512, na mistari hiyo imepangwa katika vikundi 64, kila kikundi nafasi 8. Biti 6 za mwisho za anwani zinasema baiti ipi ndani ya mstari, biti 6 zinazofuata zinasema kikundi kipi. Jumla biti 12. Zile zile 12 za ndani ya ukurasa! Si ajali. Biti hizo hazibadiliki anwani inapotafsiriwa, kwa hiyo prosesa inaweza kuanza kutafuta ndani ya kache wakati huohuo TLB inatafsiri zile za juu. Intel walipoikuza kache hiyo hadi kilobaiti 48 kwenye kizazi cha Ice Lake, hawakuongeza vikundi, waliongeza nafasi kutoka 8 hadi 12. Ukurasa na kache ni ndugu, na huwezi kumwelewa mmoja bila mwenzake. Chuoni mimi nilifundishwa kache muhula mmoja na kurasa muhula mwingine, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba vitu hivyo vinafahamiana.

Sasa tufanye jaribio, kisha uniambie kama hii ni nadharia tu. Tengeneza kwa lugha ya C jedwali la namba nzima lenye safu mlalo 4,096 na safu wima 4,096, kila namba baiti 4. Ni megabaiti 64, kitu kidogo. Lijumlishe mara mbili: kwanza safu mlalo moja baada ya nyingine, kisha safu wima moja baada ya nyingine. Namba ni zile zile 16,777,216, jibu ni lilelile, na kanuni ya hesabu ni ileile. Kilichobadilika ni mistari miwili ya msimbo imebadilishana nafasi.

Ukienda mlalo, kila mstari wa kache unaleta namba 16 na unazitumia zote. Ni safari 1,048,576 za RAM, na nyingi prosesa huzitabiri na kuziagiza mapema. Ukienda wima, kila hatua unaruka baiti 16,384, yaani kurasa nne. Kila namba iko kwenye ukurasa mwingine, kwa hiyo safu wima moja inagusa kurasa 4,096, wakati TLB ya pili ina nafasi 1,536. Inasahau kabla hujarudi. Na kwa kuwa 16,384 inagawanyika kwa 4,096, zile biti 12 za mwisho ni zilezile kila hatua, kwa hiyo namba zote za safu wima moja zinagombania kikundi kimoja cha kache. Una kache ya mistari 512, unatumia 8! Nyingine zote zimekaa bure kama viti vya ukumbi baada ya harusi.

Jaribu kwenye mashine yako, ukizima ujanja wa kompaila ili isikupangie yenyewe. Tofauti utakayoiona itakuwa ya mara kadhaa, si ya asilimia kadhaa. Sasa niulize swali langu: katika hali hiyo, ukiongeza RAM kutoka gigabaiti 8 hadi 64, kitu gani kitabadilika? Hakuna. Jedwali ni megabaiti 64, RAM ilikuwa inatosha tangu mwanzo. RAM kubwa si RAM ya karibu. Umemwambia mtu ajenge ghala kubwa zaidi kule kule mbali, wakati shida yake ni kwamba unamtuma ghalani mara milioni kumi na sita.

Turudi kwa chama changu. Programu yangu ilisoma miamala yote ya mwaka na kuirundika kwenye orodha moja ndani ya kumbukumbu. Kisha kwa kila mwanachama, ilipita orodha nzima kutoka mwanzo hadi mwisho ikitafuta miamala yake. Mwanachama wa pili, mwanzo tena. Mama mweka hazina angefanya hivyo, angekuwa anamwaga madaftari yote mezani na kuyapekua yote kwa ajili ya kila mtu.

Orodha ilipokuwa inaingia kwenye RAM, kosa lilijificha. Ilipozidi RAM kidogo tu, maafa. Sababu ni hii. Mfumo endeshi ukikosa nafasi, hujaribu kuutoa ukurasa ambao haujatumika kwa muda mrefu zaidi. Ni busara kwa kazi nyingi. Lakini ukiwa unapita orodha kwa mzunguko, ukurasa ambao haujatumika kwa muda mrefu zaidi ndio hasa unaokaribia kuhitajika. Unatupwa nje dakika chache kabla ya zamu yake. Unarudishwa kwa kumtupa mwingine ambaye naye zamu yake inakaribia. Kila ukurasa unatoka diski, kila mzunguko. Ndiyo maana programu haikupungua kasi polepole kadiri wanachama walivyoongezeka. Siku moja ilianguka tu kama mtu aliyekanyaga shimo. Peter Denning alieleza hali hii mwaka 1968: programu ina kurasa inazozihitaji kwa wakati fulani, zisipoenea kwenye kumbukumbu, mashine huacha kufanya kazi na kubaki kuhamisha kurasa. Mwaka 1968! Na mimi bado nilikuwa namwambia mteja anunue RAM.

Halafu tazama niliirundikaje. Nilitumia Java, na kwa uvivu nikahifadhi namba kama vitu vya aina ya Integer ndani ya LinkedList. Namba nzima ya kawaida ni baiti 4. Integer kwenye Java ya kawaida ya biti 64 ni baiti 16, na kila kifundo cha LinkedList ni baiti 24. Jumla baiti 40 kwa namba ya baiti 4. Nilikuwa nimeilipisha RAM ya watu mara kumi. Na vifundo hivyo vinaweza kutawanyika popote, kwa hiyo kila hatua inaweza kuwa mstari mpya wa kache na ukurasa mpya. Hata yule mkusanya taka wa Java, ambaye tunajisifu kwamba ametuondolea mzigo wa kumbukumbu, alilazimika kuvipitia vifundo hivyo kujua vipi bado viko hai, na kila alipopita aliviamsha vilivyokuwa vimelala diskini.

Dawa ilikuwa nini? Niliiambia hifadhidata ipange miamala kwa mwanachama kisha kwa tarehe, nikasoma mara moja kutoka juu hadi chini, nikajumlisha, nikaandika, nikafunga, nikaenda kwa wa pili. Kama mama alivyosema. Msimbo ulipungua. Kumbukumbu inayohitajika haitegemei tena idadi ya miamala. Ile RAM waliyonunua kwa pesa za wanachama, pesa ambazo zingekuwa gawio lao, haikuhitajika kabisa. Niliwaomba radhi. Sijawahi kuona aibu kama siku ile.

Sasa najua kuna wenzangu wanaosoma hapa na wameshakunja uso. Wanasema: "RAM ni rahisi, muda wa mwandishi ni ghali." Rahisi kwa nani, bwana? Hiyo ni methali ya watu ambao seva ni yao na mshahara ni wao. Programu unaiandika mara moja, inakimbizwa na maelfu. Ukiokoa siku mbili zako kwa kumnunulisha kila mtumiaji kifaa kipya, hujapunguza gharama, umeihamishia kwa mwingine asiyejua kwamba analipa.

Na simu je? Simu huwezi kuifungua ukachomeka RAM nyingine. Fikiria mama mboga mwenye simu ya RAM ya gigabaiti 2. Anafungua apu ya mkopo, inamwambia tumekutumia nambari ya siri kwa ujumbe mfupi. Anatoka kuisoma. Anaporudi, apu inaanza upya kutoka mwanzo, nambari ile imeshapitwa. Anaomba nyingine. Inatokea tena. Anahitimisha kwamba simu yake mbovu, au yeye ndiye hajui kutumia. Kumbe simu nyingi za Android, kumbukumbu ikibana, hukandamiza kurasa ndani ya RAM ileile badala ya kuzihamisha nje, na hilo lisipotosha, mfumo huua apu zilizo nyuma. Apu iliyokalia kumbukumbu kubwa bila sababu inajiweka mbele ya foleni ya kuuawa. Na mwandishi wake hakuhifadhi hali ya fomu kwa sababu kwenye simu yake ya bei mbaya haijawahi kufa. Mama huyo utamwambia nini, "ongeza RAM"?

Wengine watasema: "Usiharakishe programu kabla ya wakati." Nakubali kabisa. Sisemi uanze kuhesabu mistari ya kache unapoandika ukurasa wa kuonyesha tarehe. Nasema upime kabla ya kumtuma mtu dukani. Kwenye Linux, andika vmstat 1 na utazame safu za si na so. Zikiwa sifuri muda wote, kurasa haziendi diskini, na RAM mpya huenda isibadilishe chochote. Ukiandika free -m, usitishike ukiona safu ya free ni ndogo. Linux hutumia RAM isiyo na kazi kuhifadhi mafaili yaliyosomwa, na huirudisha ikihitajika. Tazama available. RAM iliyokaa bure ni pesa iliyolala. Hizo apu za "kusafisha RAM" zinazofukuza kila kitu zinamfukuza mtumishi aliyekuwa ameshika sukari mkononi, kisha kesho unamtuma tena kiwandani.

Na ndiyo, kuna siku ambayo jibu sahihi ni RAM. Umepima, si na so hazitulii, umeangalia data inayotumika na kweli yote inahitajika, kwa mfano faharasa za hifadhidata kubwa zinazoulizwa kila sekunde. Hapo mwambie mteja anunue, na umwonyeshe namba. Tofauti ya daktari na mganga wa njiani si dawa, ni kwamba daktari alipima.

Hoja ya mwisho ni ya wahadhiri wetu. Mlitufundisha kuchora mistatili na kuhesabu kwa kalamu ni kurasa ngapi zitakosekana kwa mfuatano wa namba kumi na mbili. Tulipata alama. Lakini hamkuwahi kutukalisha mbele ya mashine mkasema: hii hapa programu mbili, jibu moja, moja inachukua sekunde na nyingine dakika, tuambieni kwa nini. Jaribio la jedwali la 4,096 ni mistari isiyozidi thelathini ya C. Linaingia kwenye kipindi kimoja. Mwanafunzi aliyeliona kwa macho yake hatalisahau.

Wala msifikiri mambo haya yameshatulia kwenye vitabu vya historia. Kompyuta za Mac zenye prosesa ya M1, zilizotoka mwaka 2020, zinatumia kurasa za kilobaiti 16. Android 15, ya mwaka 2024, ilileta uwezo wa kutumia kurasa za ukubwa huohuo, na waandishi waliokuwa wameandika 4,096 kwenye msimbo wa C kana kwamba ni amri ya Musa wamelazimika kurudi kuutengeneza. Aliyejua ukurasa ni nini aliuliza mfumo ukubwa wake na akalala usingizi. Aliyekariri yuko macho hadi leo.

Kwa hiyo wenzangu, ombi langu ni dogo. Kabla hujamwambia mtu "ongeza RAM", jiulize maswali matatu. Programu yangu inagusa kurasa ngapi kwa wakati mmoja? Katika kila baiti 64 ninazoletewa, natumia ngapi? Naifuata data ilivyopangwa, au naruka ruka kama panzi? Ukishindwa kuyajibu, mnunuzi wa kwanza wa kitu kipya anapaswa kuwa wewe, na kitu chenyewe ni kitabu.

Mama yule bado ni mweka hazina. Mwaka jana nilipita kumsalimia wakati wa gawio. Programu ilikuwa imeshamaliza, yeye yuko kwenye meza yake ndogo, daftari liko wazi, anahakiki majibu ya kompyuta kwa mkono, mtu mmoja mmoja. Nikamuuliza, "Mama, bado huiamini tu?" Akacheka. "Naiamini, kijana wangu. Ninayemhakiki ni wewe."